Chai ya mdogo wangu: nywele zilizodondoka, nywele zilizokatika

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, kaniambia andika dada, labda kuna mwingine saa hizi yuko bafuni na chupa kama ile yangu. Jina lake naliacha. Mimi ni msusi, vichwa vya watu ndio kazi yangu ya kila siku, na swali la kusuuzia nywele kwa chai linanijia karibu kila wiki, mtu anataka nimjibu moja tu, inasaidia au haisaidii. Nilikuwa nalijibu harakaharaka. Baada ya kisa hiki siwezi tena, kwa sababu nimeona kichwa kimoja ambacho chai ilikisaidia, ikakiharibu, na ikapewa sifa ya kazi ambayo haikuifanya, vyote ndani ya miezi michache.

Niseme mapema kabisa kwamba na mimi nimo. Wa kwanza kumwambia "jaribu chai" ni mimi. Nilimwambia kwenye simu huku mikono yangu iko kwenye kichwa cha mtu mwingine, sikuuliza nywele zinatokaje, sikuuliza tangu lini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Hali ilikuwa hivi. Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto mzima, mama mzima. Wakati wa mimba nywele zake zilijaa mpaka watu wanamsimamisha kumuuliza anapaka nini, na hakuwa anapaka chochote cha ajabu. Mtoto alipofika miezi mitatu hivi zikaanza kutoka. Sio zile nywele mbili tatu za kwenye kitana, namaanisha akipitisha vidole zinakuja, kwenye mto zipo, kwenye kola ya nguo zipo, siku moja anamkunjua mtoto ngumi anakuta nywele zimejiviringa katikati ya vidole. (Hapa nitoke kidogo kwenye mada maana ni jambo la muhimu: mama unayedondosha nywele, kila ukimvua mtoto soksi angalia vidole vya miguu na vya mikono. Unywele unaweza kujizungusha kwenye kidole ukakaza mpaka damu ikashindwa kupita, na mtoto anachoweza kufanya ni kulia tu. Kidole kikivimba au kikabadilika rangi na huwezi kuutoa unywele, kimbia hospitali usisubiri.)

Basi mtoto akiwa na miezi minne ndio akaanza chai yake. Mapishi aliyatengeneza mwenyewe kwa kuunganisha vitu alivyosikia huku na huku: mifuko sita ya chai nyeusi, kijiko kikubwa cha karafuu, ngumi nzima ya rozimari kavu, maji nusu lita, vinachemka nusu saa mpaka maji yanakuwa meusi huoni chini ya sufuria. Anachuja, anasubiri yapoe, anatia kwenye chupa ya kupulizia. Halafu juu yake anadondoshea mafuta ya rozimari yale makali ya kwenye kichupa kidogo, matone kumi na zaidi, anasema yanaongeza nguvu. Anapuliza asubuhi na usiku, kichwa kizima, hasuuzi. Chupa inakaa bafuni. Ikipungua anaongezea mpya juu ya ile ya zamani.

Wiki mbili za kwanza alinitumia ujumbe wa sauti, nimeusikiliza tena juzi, anacheka kabisa, "dada zimeacha, yaani zimeacha!" Na mimi nikafurahi, nikamwambia endelea.

Wiki ya sita akanifata nyumbani amefunga kitambaa. Alipokifungua nilisikia harufu kabla sijaona nywele, harufu ya kitu kilicholala na maji. Nywele zilikuwa ngumu, ukizibana zinabaki zimebanwa, hazina mvuto, ncha zimekuwa nyekundunyekundu. Kisogoni kulikuwa na vipele vidogo, vingine vina usaha, kila kimoja kimekaa pale pale unywele unapotokea. Mto wake alisema umepata madoa ya kahawia yasiyotoka. Na nywele bado zinatoka, tena yeye anasema ni nyingi kuliko mwanzo.

Sasa hapa ndio nataka tukae, kwa sababu hapa ndio kila kitu kilipofunguka. Nilitandika taulo jeupe mapajani kwake, nikamwambia inamisha kichwa, nikaanza kutenganisha nywele taratibu kwa vidole, kila kinachotoka kinadondokea kwenye taulo. Tukamaliza tukaanza kuzipanga moja moja. Unywele uliodondoka kutoka kwenye ngozi una urefu wake wote, na ukiangalia ule upande wa ngozini unakuta kitone kidogo cheupe, kama kichwa cha pini lakini kidogo zaidi, ukiupitisha kati ya kucha unakisikia. Unywele uliokatika hauna kitone, ni kipande, pande zote mbili zimeisha hovyo, na mara nyingi ni kifupi. Tulipomaliza tulikuwa na mafungu mawili kwenye taulo, na fungu la vipande vifupi ndio lilikuwa kubwa. Mdogo wangu alikuwa anaita vyote hivyo "nywele zinadondoka". Yalikuwa matatizo mawili tofauti kabisa yamekaa kwenye kichwa kimoja, moja alikuja nalo na lingine kalitengeneza na ile chupa.

Kile kitone cheupe kinawatisha watu sana, wanadhani ndio mzizi umeng'oka na hapo hapaoti tena. Sio hivyo. Kile ni kitako cha unywele uliomaliza muda wake, kiwanda chenyewe kimebaki ndani ya ngozi. Kila unywele una zamu yake, unakua miaka kadhaa, kwa wengi ni kati ya 2 na 7, halafu unapumzika kama miezi 3, halafu unaanguka unapisha mwingine. Kichwa kina nywele kama 100,000, na kudondosha 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kabisa. Kwenye mimba homoni zinazifanya nywele nyingi zibaki kwenye kukua, hazipumziki kwa zamu kama kawaida, ndio maana zile sifa alizokuwa anapewa. Akijifungua homoni zinashuka, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya ile miezi 3 zinaanguka kwa pamoja. Hesabu tu, mtoto miezi mitatu, nywele zikaanza. Hakuna kilichoharibika, ni foleni iliyokuwa imesimama imeanza kutembea yote kwa mara moja. Na foleni hii kwa wanawake wengi inaisha yenyewe, inapungua pole pole mpaka mtoto anapokaribia mwaka au kabla ya hapo. Kitu kama hicho hicho kinampata mtu aliyeumwa homa kali, aliyefanyiwa upasuaji, aliyepungua uzito kwa ghafla, miezi miwili mitatu baadaye kichwa kinamwaga na yeye ameshasahau hata kwamba aliumwa.

Unaona sasa chai ilivyopata sifa. Mtu huanza dawa pale anapoogopa, na anaogopa pale nywele zinapotoka kwa wingi zaidi, yaani karibu na kilele. Baada ya kilele zinapungua tu, hata ukisuuzia maji ya bomba. Chochote utakachoanza mwezi wa nne au wa tano baada ya kujifungua kitaonekana ni dawa.

Ila ile furaha ya wiki mbili ilikuja mapema mno kuwa ya foleni kuisha, ile ilikuwa na sababu nyingine, na hii ndio kazi halisi ya chai. Chai ina tanini, ndio kile kitu kinachokukausha mdomo ukinywa chai iliyokolea, ulimi unahisi umevaa soksi. Tanini inapenda kushikamana na protini. Mdomoni inashika protini za mate, kwenye nywele inakutana na keratini ambayo nayo ni protini, inajishika juu yake. Unywele unahisi mnene zaidi, una mshiko, haulegei. Sasa nywele zikiwa na mshiko, zile zilizokwisha dondoka zinakwama humo humo kati ya wenzake hazifiki sakafuni. Tena yeye kwa kuwa zilikuwa ngumu aliacha kuzichana kila siku. Kwa hiyo kweli kwenye kitana hakuona kitu! Nikamuuliza, siku ya kuosha je? Akanyamaza, akasema siku ya kuosha zilitoka kwa mafungu, akadhani ni shampuu ndio mbaya, akaacha kuosha. Wiki tatu hakuosha kichwa.

Hapo ndio kukatika kulipoanza. Mshiko ule ule uliomfurahisha, ukiuweka mara mbili kwa siku bila kuosha, unakuwa tabaka juu ya tabaka. Chai iliyochemka nusu saa na mifuko sita kwenye nusu lita sio chai tena, ile kama ungekunywa usingeimaliza. Hakuna kondishna, hakuna mafuta ya kuteleza, unywele umekuwa mkavu, na mara mbili kila siku unaloweshwa unavimba, unakauka unasinyaa. Unywele uliolowa ni dhaifu kuliko mkavu, unavutika halafu unakatika. Na nywele za kipilipili kama zetu zina kona nyingi, kila kona ni mahali ambapo unywele unaweza kukatikia, zikishikana kavu ukapitisha kitana unasikia kabisa zinavyolia.

Nataka niwe wa haki kwa chai lakini, maana watu wanaruka upande huu au ule. Chai nyeusi ya kawaida ina uchachu mdogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, iko kama 5, na ngozi ya kichwa yenyewe iko hapo kwenye 5.5. Sabuni ya kipande ni alkali, yaani kinyume cha uchachu, inafungua yale magamba madogo ya juu ya unywele, yakifunguka unywele unakwaruza na haung'ai. Kitu chenye uchachu kidogo ukimalizia nacho magamba yanalala, mwanga unapiga vizuri, nywele zinang'aa na zinateleza. Kwa hiyo mtu akikuambia amesuuzia chai na nywele zikang'aa, anasema kweli kabisa, nimeiona kwa macho. Na chai nyeusi inatia rangi kidogo, nywele nyeusi zinaonekana nyeusi zaidi. Ila vyote hivyo vinatokea juu ya unywele ulioshatoka nje, ambao hauna uhai. Kiwandani, chini ya ngozi, hilo ni suala lingine.

Najua mtaniuliza habari ya kafeini. Ni kweli, mwaka 2007 kuna utafiti ulitoka, walichukua vinyweleo, yaani vile viwanda vya ndani ya ngozi, vya wanaume wenye kipara cha kurithi wakavikuza maabara kwenye vyombo, wakavitilia kafeini, vikakua vizuri zaidi. Maabara, nje ya kichwa, kafeini ikiwa imepimwa. Kutoka pale mpaka kwenye chupa ya kupulizia kuna safari ndefu, na mwaka 2018 mamlaka ya matangazo Uingereza ilikizuia kiwanda kimoja cha shampuu ya kafeini kutangaza kwamba inasaidia kupunguza upotevu wa nywele, ushahidi waliouleta haukutosha. Hiyo ni shampuu ya kiwandani, sembuse mifuko ya chai.

Rozimari nayo ina hadithi yake. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa watu 100 wenye kipara cha kurithi, nusu wakatumia mafuta ya rozimari na nusu wakatumia minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Miezi 3 hakuna cha maana kilichoonekana pande zote mbili, mwezi wa 6 pande zote mbili nywele ziliongezeka, na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Hapakuwa na kundi la tatu lililopewa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha, hilo lazima lisemwe. Lakini hata ukiuamini wote, ulikuwa ni wa mafuta, miezi 6, na wa kipara cha kurithi, mdogo wangu hana kipara cha kurithi, nywele zake zinadondoka kwa sababu ya uzazi. Na mafuta ya rozimari ni yale yanayoruka na mvuke, hayapendi maji, ukichemsha majani nusu saa sufuria wazi jikoni kunanukia kweli, ila ile harufu inayojaza jikoni ndio mafuta yenyewe yanaondoka.

Tukarudi kwenye chupa. Nilimwambia ailete. Niliifungua juu ya sinki. Maji yalikuwa na ukungu, ukiyatikisa kuna vinyuzinyuzi vinaelea, na nilipoingiza kidole ndani ya shingo ya chupa ukuta unateleza, ule utelezi wa jiwe lililokaa ndani ya maji muda mrefu. Ule ni uchafu hai, vijidudu vimejenga humo. Maji na mmea uliochemshwa ni chakula, hakina kihifadhi, kimewekwa bafuni penye joto, na kila akiongezea chai mpya anavilisha vile vya zamani. Bidhaa yoyote yenye maji ya kununua inawekewa kihifadhi kwa sababu hii hii. Chai ya nywele ukiipika na isiishe, iweke kwenye friji, siku mbili au tatu basi, baada ya hapo mwaga. Mimi sasa nasema pika ya leo tumia leo.

Na zile tone kumi za mafuta, yalikuwa yanaelea juu. Mafuta makali hayachanganyiki na maji, utatikisa yatarudi juu, kwa hiyo kuna siku anapuliza maji matupu na kuna siku anapuliza mafuta makali yenyewe kwenye ngozi, na ngozi inaungua. Watu wanadhani kwa kuwa ni ya mmea haiunguzi.

Vipele sikuvigusa. Hapo msusi anaishia, nilimwambia twende hospitali, tukaenda wote. Daktari wa ngozi aliangalia akasema ni vinyweleo vimepata maambukizi, akampa dawa, akamkataza kupuliza chochote mpaka pakauke. Kilichotoka kichwani alisema kwa muda ule kinalingana na kudondoka kwa uzazi, lakini akataka damu ipimwe, na akiba ya madini ya chuma ikaonekana iko chini. Akapewa vidonge.

Halafu daktari akamuuliza vidonge vya chuma vya mwanzo, vile vya kliniki, alikuwa anavinywaje. Akasema na chai asubuhi. Kumbe tanini ile ile! Inashika madini ya chuma tumboni kama inavyoshika protini, sehemu kubwa ya chuma inapita haijaingia mwilini. Mdogo wangu alikuwa anapuliza chai kichwani ili nywele zikue na huku anakunywa chai juu ya kidonge ambacho mwili wake ulikihitaji, na hakuna aliyemwambia. Daktari akamwambia kidonge na chai vikae mbali, saa moja mpaka mbili. Tuliporudi nyumbani nilimuonyesha kitu, nilitia msumari wenye kutu kwenye glasi ya chai nyeusi, tukauacha mpaka kesho yake. Chai iligeuka nyeusi kama wino. Na wino kweli, Ulaya kwa karne nyingi waliandikia wino wa tanini na chuma, ni kitu kile kile. Akashika glasi akaizungusha, akasema "yote hii ilikuwa inashikana tumboni mwangu". Ndio, kitu cha namna hiyo.

Matengenezo hayakuwa na maajabu. Chupa ikatupwa. Vipele vilipotulia nikamuosha kwa shampuu ya kusafisha kweli kweli, mara mbili, maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, kondishna nyingi, kuchana kwa vidole kutoka nchani kupanda juu, ncha zilizokufa nikazikata. Alitaka nimsuke ndogo ndogo kuficha sehemu za mbele zilizopungua, nikakataa, nywele za mbele zikiwa tayari chache ukizivuta na msuko wa kubana unaweza kuharibu hata vile viwanda vyenyewe, na huko kurudi ni kugumu. Mabutu makubwa yaliyolegea, basi.

Lakini alikuwa bado anaamini. Alisema dada, uchafu wa chupa nakubali, mafuta nakubali, ila chai yenyewe ikiwa safi inaotesha, mi nimeona. Na sikutaka tubishane kwa maneno, nikamwambia haya, tujaribu nusu kichwa. Mtoto alikuwa na miezi sita na nusu hivi. Wiki nane, kila Jumamosi namuosha mwenyewe kichwa kizima sawa sawa, halafu upande wa kushoto nasuuzia chai, upande wa kulia maji matupu, kondishna ile ile pande zote. Nywele za kila upande zinazotoka nazikusanya kwenye chujio tofauti. Uzuri wa nusu kichwa ni kwamba vidonge vya chuma vinafika kushoto na kulia sawa, homoni zinafika sawa, muda unapita sawa, chakula ni kimoja, kwa hiyo kitakachotofautiana hapo ni chai tu. Ningekuwa na akili hii miezi miwili nyuma nisingemtuma kwenye sufuria.

Wiki za kwanza alikuwa ananiangalia usoni nikihesabu. Kushoto na kulia hazikupishana kwa maana, wiki hii kushoto zaidi kidogo, wiki ijayo kulia. Na pande zote mbili zilikuwa zinapungua wiki hadi wiki kwa mwendo mmoja. Kitu cha tofauti kilikuwa kwenye mguso, kushoto kunang'aa zaidi siku mbili tatu za kwanza, na msuko unashika bila kufumuka, kulia ni laini zaidi na kunachanika kirahisi. Wiki ya tano mwenyewe alishika pande zote mbili kwa mikono yake, akasema "ahaa, kumbe ni ya nje". Sikuongeza neno.

Hajaacha chai, na sikumwambia aache. Anaipenda ile kung'aa. Sasa anafanya hivi: mfuko mmoja wa chai kwenye kikombe, au vijiko viwili vya rozimari kavu, maji yaliyochemka anayamiminia juu anafunika dakika kumi, anachuja vizuri kwa kitambaa maana vipande vya majani vikiingia kwenye nywele zetu kuvitoa ni kazi ya mchana mzima, anaacha ipoe kabisa. Anaosha na shampuu kwanza, anamwagia chai, dakika tano, anasuuza, anaweka kondishna. Mara moja kila wiki mbili. Inayobaki inamwagwa. Nywele zikianza kuwa ngumu anaruka mwezi.

Kabla ya mmea wowote mpya anapaka kidogo ndani ya kiwiko anaangalia siku mbili. Kamomaili hasa, ni ya ukoo mmoja na maua ya aina ya alizeti, mtu mwenye mzio na maua hayo anaweza kuwashwa vibaya. Na mwenye mvi au nywele zilizotolewa rangi, chai nyeusi itakuachia ukahawia na haitatoka kwa kuosha mara moja, nimeshampata mteja analia kwa hilo. Ngozi yenye kidonda au vipele, usimwagie chochote.

Na kuna vichwa ambavyo sipendi hata tuzungumzie chai. Ukiona duara limetoka nywele limebaki laini kama kiganja, ukiona sehemu ngozi inang'aa na vitundu vya vinyweleo havionekani tena, ukiona utosi unapanuka mwaka hadi mwaka, ukiona usaha, au umejifungua mwaka umepita na bado zinamwagika, nenda kwa daktari wa ngozi kwanza. Kuna aina za kupotea nywele zinaacha kovu, na kila mwezi unaokaa na sufuria ni mwezi ambao viwanda vinafungwa moja kwa moja. Wateja wawili nimewahi kuwaona wamechelewa namna hiyo, mmoja alikuwa amesuuzia majani ya kila aina miaka miwili, mwaminifu kweli kweli, hakuruka hata wiki.

Mtoto sasa ana miezi kumi na mitatu, anasimama kwa kushika meza. Wiki iliyopita mama yake alikaa chini kati ya magoti yangu nikamfungua mabutu. Mbele pale palipokuwa wazi kuna vinywele vipya vimejikunja, vinasimama peke yake havikubali kulala na mafuta wala brashi, analalamika kwamba havifungiki. Nilichukua kimoja cha kushoto nikakinyoosha kwenye kidole changu cha kati, kikafika karibu na mwisho wa kidole. Nikachukua kimoja cha kulia, nikakinyoosha pembeni yake, nikamwambia shika kioo uangalie. Vilikuwa sawa.